Mvua ya Kugawana

Mtaani kwao hapakuwa na mwanamke aliyejua kupima kumshinda Bi Sentimita. Tangu alipokalia cherehani, miaka arobaini sasa, mkono wake haukuwahi kukosea hata kwa unene wa uzi. Hayo aliyasema mwenyewe, tepu ya kupimia ikiwa shingoni kama mkufu, na ni yeye mwenyewe aliyeongeza kabla hajaulizwa:

"Ukiacha ile suruali ya bwana harusi." Akawaza kidogo. "Na magauni ya kwaya." Akawaza tena. "Na mapazia ya zahanati. Lakini yale, madirisha ndiyo yaliyokuwa na kasoro."

"Wifi," akasema mkunga, "bwana harusi yule alifunga ndoa amesimama toka asubuhi mpaka jioni, maana angekaa tu, tungeyaona yasiyotuhusu."

"Si alifunga lakini?"

Mkunga alikuwa dada wa marehemu mumewe. Alikuwa amezalisha nusu ya mtaa na kuikemea nusu iliyobaki, kisha akastaafu. Alistaafu yeye, sare yake haikustaafu. Kila Jumatano aliifua, akaisuuza kwa buluu ya kufulia mpaka weupe wake ukaumiza macho, akaianika uani asije akaitwa ghafla. Wiki hiyo alikuwa ameileta kwa wifi yake iongezwe kiunoni. Alidai kitambaa kimerudi. Bi Sentimita alikipima kiuno, akameza cheko, akaiweka sare chini ya sindano na kuanza kuifumua.

Lakini siku hizi Bi Sentimita hakupima nguo tu. Alipima na mvua.

Hewa ya dunia imeharibika, hilo hata mtoto wa chekechea atakwambia. Mvua inayokuja inakuja na hasira, isiyokuja imenuna. Wakubwa hukutana kila mwaka kwenye ukumbi wenye baridi ya mashine, wakajipanga mistari, wakapigwa picha, wakaagana mpaka mwakani. Basi wanawake fulani waliochoka kuangalia picha wakasema, sisi tufanye kazi. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mitambo iliyoko juu angani inaona mgongo wa wingu, haijui ni kiasi gani kimedondoka uani kwa nani. Kwa hiyo katika nchi thelathini na nne, wanawake walisimamisha nguzo, wakafunga juu yake chupa iliyochorwa mistari, na kila saa moja asubuhi kila mmoja akasoma maji yake na kutuma namba kwa simu. Namba hizo zikikusanywa, kompyuta inaweza kujua bonde lipi litafurika kabla bonde lenyewe halijajua.

Aliyeleta chupa mtaani kwao alikuwa binti wa ofisi ya hali ya hewa, mwembamba, mwenye miwani mikubwa. Wakamwita Binti Mawingu. Aliwapa chupa nne na karatasi ya maelekezo, akakimbilia mtaa mwingine. Moja alipewa mkunga, juu mlimani. Moja mwalimu mstaafu, mtu wa daftari na kalamu mbili. Moja Mama Pacha, mama kijana wa mabinti wawili wachanga, ambaye mumewe alifanya kazi mbali. Na ya nne Bi Sentimita, chini bondeni kabisa, mahali ambapo maji ya mtaa mzima hupita kusalimia.

Na katika kusalimia kwenyewe hayakubisha hodi. Miaka miwili nyuma maji yaliingia kwake alfajiri, yakaibeba cherehani na meza yake, yakaitoa nje kwa heshima zote, yakaiweka kwenye ua wa jirani wa nyumba ya tatu, suruali ya mtu bado imebanwa chini ya sindano. Bi Sentimita aliokolewa na kabati. Alikaa juu yake mpaka mchana kama chungu kilichosahaulika. Tangu hapo, kila msimu wa mvua alilala mguu mmoja kitandani, mwingine ameuning'iniza mpaka sakafuni, ili maji yakija aanze kuyasikia kwa kidole gumba. Aliwaambia watu ni mazoezi ya nyonga.

Kwa hiyo Binti Mawingu aliposema kwamba mradi utafunga king'ora kimoja, kitakacholia kabla mafuriko hayajafika, na kwamba chupa ndizo zitakazoonyesha kifungwe wapi, Bi Sentimita alitaka kitu kimoja tu maishani: kulala na miguu yote miwili kitandani.

Mambo yaliharibika wiki ya kwanza, na yaliharibiwa na huruma.

Mvua ilinyesha, wakasoma. Bi Sentimita, milimita arobaini. Mwalimu, ishirini na sita. Mkunga, ishirini na nne. Mama Pacha, sita. Uani kwake hapakuwa na nafasi hata ya kugeuzia fagio, akawa ameibandika chupa ukutani, chini ya paa. Karatasi ya maelekezo ilikataza, lakini mwalimu alipokuwa akiisoma kwa sauti yake ile ya darasani, walifika kwenye habari za kuta wote wameshasinzia.

Mama Pacha aliitazama namba yake, akatazama za wenzake, machozi yakamlengalenga. "Sita! Hata mvua imenipita. Nitatuma nini kwenye kundi?"

Kundi la simu lilikuwa jambo kubwa kwake. Mabinti walimnyima usingizi, nyumba ilikuwa na upweke bila mumewe, na mle simuni kulikuwa na ulimwengu. Kulikuwa na mama wa nchi ya baridi aliyelazimika kuiyeyusha theluji kwenye sufuria kabla ya kuipima. Kulikuwa na mfuga mbuzi ambaye mbuzi wake walikuwa wameinywa namba yake mara mbili, naye akaomba radhi kwa nchi zote thelathini na nne. Lugha hawakuelewana sana, ila kicheko kilifika bila kutafsiriwa. Mama Pacha alituma salamu kila siku, mapacha wakilia nyuma yake kwa zamu.

"Mtaa mmoja, wingu moja, halafu mwenzetu apate kijiko?" Bi Sentimita akaweka mikono kiunoni. "Haiwezekani. Leteni jagi."

"Jagi la nini?" akauliza mwalimu.

"Tunagawana chumvi, tunagawana nguo za watoto, na hata mkaa tunagawana. Mvua ina nini?"

"Jamani, hii ni sayansi!"

"Nani kaikataza sayansi kuwa na huruma?"

Wakamimina chupa zote nne kwenye jagi, na Bi Sentimita, kwa jicho lake la fundi na kijiko cha chai, akagawa. Ishirini na nne, ishirini na nne, ishirini na nne, ishirini na nne. Mama Pacha akatabasamu. Mwalimu akaguna, akaandika. Na kuanzia siku hiyo, miezi minane mfululizo, kila iliponyesha, jagi lilipita.

Jumatatu ya wiki ile ile sare ilipoletwa, Binti Mawingu akatokea kwenye chumba cha kushonea, na makaratasi kwapani. Akawaamkia wote wanne kwa adabu, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akaivua miwani.

"Mama zangu, nimekuja kuuliza. Mlimani ishirini na nne, bondeni ishirini na nne. Siku nyingine kumi na moja, mtaa mzima kumi na moja. Siku nyingine thelathini na mbili na nusu, wote mna hiyo nusu. Katika dunia nzima hakuna kitu kama hiki. Wataalamu wenzangu wamekaa kikao kwa ajili yenu."

Mwalimu akaanza kutazama dari. Mama Pacha akambembeleza mtoto ambaye hakuwa analia.

"Mvua ya kwetu ina adabu, mwanangu," akasema Bi Sentimita. "Imelelewa. Haipendelei."

"Basi ni bahati yenu, bibi. Kompyuta imesema maji yenu yanaenea sawasawa, hayarundikani popote, kwa hiyo hapa hakuna hatari. King'ora tunakipeleka ng'ambo ya mto."

Mguu wa Bi Sentimita ulisimama juu ya pedali. Sindano ikabaki katikati ya hewa.

"Sema, wifi," akasema mkunga.

"Niseme nini?"

"Unachokijua."

"Mimi najua kushona."

Mkunga akavuta pumzi, kama mtu anayemwambia mama kwamba ni mapacha. "Binti, tunagawana."

"Mnagawana nini?"

"Mvua."

Binti Mawingu akaivaa miwani. Akawatazama mmoja mmoja. Akaivua tena. Mwalimu alimweleza habari za jagi na za kijiko, kwa sauti ya chini ambayo wanafunzi wake hawakuwahi kuisikia. Alipomaliza, binti wa watu alikuwa ameinama, mabega yanatikisika, na kwa muda hawakujua kama analia au anacheka. Yeye mwenyewe alionekana hajaamua.

"Mama zangu," akasema hatimaye, "maji kidogo si aibu. Sita ni habari. Hata sifuri ni habari. Nikiambiwa ishirini na nne kila mahali, sijaambiwa kitu." Akakunjua karatasi. "Orodha ya king'ora inafungwa Ijumaa. Jumatano jioni tunatazamia mvua. Alhamisi saa moja asubuhi nitakuwa hapa kusoma chupa mwenyewe. Tafadhali, asiguse mtu. Na ile ya ukutani, kama haipati maji, itabidi tuiangalie, tuone kama itaondolewa pale."

Katika maneno yote hayo Mama Pacha alisikia moja tu: itaondolewa. Alimfunga mtoto mgongoni, akamwinua wa pili, akaenda zake.

"Asiguse mtu," mkunga akarudia wengine walipoondoka, akimkazia macho wifi yake.

"Mbona unaniangalia mimi?"

"Nakujua tangu kaka yangu alipokuleta. Siku ile ulisema hujui kupika, kumbe ulikuwa mvivu."

"Nilikuwa na aibu."

"Aibu yako ilidumu miaka sita."

Jumatano jioni mvua ikaja, tena ikaja kwa miguu yote. Bi Sentimita alilala mguu mmoja juu, mmoja chini. Maji yalifika kizingitini, yakachungulia, yakaona mwenyewe yuko macho, yakapita. Kabla hakujapambazuka vizuri alitoka na kanzu yake ya kulalia, kichwani kajifunga kitambaa kipya, maana leo kulikuwa na mgeni. Chupa yake ilikuwa imejaa karibu na shingo. King'ora hicho, kikiwa kimening'inia juu ya mlango! Miguu hiyo, miwili, chini ya shuka moja!

Angerudi ndani hapo, mambo yangekwisha salama. Lakini alisema achungulie tu kwa Mama Pacha, nyumba mbili juu. Kuchungulia si kugusa.

Ukutani kwa Mama Pacha, chupa ilikuwa na kimaji cha chini kabisa, unaweza kukihurumia. Na dirishani ilisikika sauti ya mwenyewe, anarekodi ujumbe polepole ili asiamshe watoto: "Mama Theluji, mama wa mbuzi, na wote. Huenda leo ni siku yangu ya mwisho. Chupa yangu haina bahati. Nawashukuru kwa kunichekesha."

Bi Sentimita alisimama na matope yake. Akapiga hesabu za kifundi. Kitambaa kikizidi upande huu, kinakatwa, kinatiwa pale kilipopungua, na anayevaa hajui. Yeye alikuwa na maji mengi. Akitoa kidogo, bondeni kutabaki kuwa bondeni, na mtoto wa watu atabaki na mama zake wa simuni. Ni kidogo tu. Kijiko, vijiko. Alirudi mbio, mbio za miaka sitini na nane, akaishika chupa yake shingoni kwa vidole vitatu, ikateleza kidogo kama imepakwa sabuni, akaikaza vizuri. Miwani aliiacha ndani na mwanga ulikuwa bado haujakolea. Akapeleka, akamimina kwa jicho, akarudisha. Baridi ya asubuhi ilimfanya pua imwashe. Akaifuta kwa kidole, akaingia ndani, akajitupa kwenye kiti cha cherehani, akaanza kupiga miluzi kama mtu aliyeamka sasa hivi.

Saa moja kamili wakakusanyika. Binti Mawingu alifika na mkoba wake. Walipitia chupa kwa chupa kutoka mlimani mpaka bondeni, wakaishia kwenye chumba cha kushonea. Bi Sentimita aliona kila mtu anamtazama usoni na kubana midomo. Mwalimu alimtazama, akageukia ukuta. Hata mapacha walimkodolea macho. Akajua ni kitambaa kipya. Akakiweka sawa, akakaa mkao wa kupigwa picha.

"Nimesoma," akasema Binti Mawingu. "Mkunga, thelathini na moja. Mwalimu, thelathini na tano. Mama Pacha, kumi na tisa. Fundi, hamsini na nane."

"Kumi na tisa!" Mama Pacha akaruka.

Mwalimu akakohoa, akafungua daftari. "Samahani. Mimi na mkunga tulipita na tochi mapema zaidi, mvua ilipokatika tu. Hatukugusa maji, tulisoma. Mkunga thelathini na moja. Mimi thelathini na tano. Mama Pacha saba. Fundi sabini." Akapiga mstari chini. "Jumla ni mia moja arobaini na tatu, na sasa hivi pia ni mia moja arobaini na tatu. Hakuna tone lililopotea. Kuna matone yametembea."

Nje, maji yalidondoka kutoka kwenye paa, taratibu, kama yanahesabu.

"Saba," akasema Mama Pacha.

"Saba ni nzuri," Binti Mawingu akamwambia. "Saba imenionyesha kwamba paa linaikinga chupa. Tutaihamishia kwenye nguzo ya geti, leo leo. Inayoondoka ukutani ni chupa, wewe huondoki popote. Nani angetupigia zile kelele za mapacha kila asubuhi?" Kisha akageuka. "Na sabini bondeni, wakati mlimani ni thelathini na moja... Bibi, hapa ndipo maji yanaporundikana. King'ora kitafungwa hapa, juu ya mlango huu."

Bi Sentimita alitaka kusema jambo la busara. Kilichotoka ni, "Mlango wenyewe nitaupaka rangi." Chini ya meza, miguu yake miwili ilisogeleana yenyewe.

"Limebaki jambo dogo," akasema Binti Mawingu, kalamu juu ya fomu. "Sina ugomvi na mtu. Ni lazima nijaze tu. Je, chupa ziliguswa, au hazikuguswa? Kama ziliguswa, na nani?"

Kuusema ukweli hapo kusingempunguzia mtu kitu. King'ora kishapatikana, Mama Pacha keshabaki. Lakini Bi Sentimita alikuwa na mazoea yake, na mazoea hayajui kwamba vita vimekwisha.

"Si wale mbuzi?" akasema. "Wa yule mama. Si huwa wanakunywa?"

"Wako bara lingine, wifi," akasema mkunga.

"Basi upepo."

"Upepo umebeba kijiko?"

"Nasingiziwa! Nyumbani kwangu, mbele ya mgeni!" Bi Sentimita akasimama, akainua mkono wa kulia juu kabisa. "Mkono huu, toka jana jioni, haujagusa chupa ya mtu. Naapa."

Wote wakautazama mkono. Naye, kwa kuwa wote waliutazama, akautazama. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vilikuwa vya buluu, buluu ya kukolea, kama vimechovywa angani.

"Nilipaka shingo ya chupa yako baada ya kusoma," mkunga akasema polepole. "Buluu yangu ya Jumatano. Nikasema, kama ni mwaminifu, haitamdhuru. Na pua, wifi? Pua nayo haijagusa?"

Mama Pacha alishindwa, akaangua kicheko, na kidole chake kilikuwa kimeshabonyeza simu. Nchi thelathini na nne zikaupata mkono ule na pua ile kwa wakati mmoja.

Bi Sentimita alivikagua vidole vyake pande zote mbili, bila haraka, kama mteja anayekagua pindo.

"Hii?" akasema. "Hii ni rangi ya kitambaa. Nimeamka kushona mapema, kitambaa kinachuja. Vitambaa vya siku hizi, mnavijua."

Wakageuka wote watano, pamoja na pacha mmoja, kutazama cherehani. Chini ya sindano, nyeupe ya kuumiza macho, ilikuwa sare ya mkunga.